Kutoka Kitale Hadi Nizwa: Niliyoyaona na Niliyoulizwa



Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ndugu msomaji, maneno haya niliyasema kwanza kwa mdomo mbele ya vijana wa Bungoma, waliotualika sisi wa Kitale tufuturu pamoja. Nimeombwa niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka, kwa hiyo usishangae ukikuta mahali naongea kama bado niko mkekani.

Desemba 2023, chuo kikiwa kimefungwa, mjomba wangu anayefanya kazi Maskati alinikatia tiketi. Mtaani walidhani naenda kutafuta kazi. Jirani mmoja akaniletea hata pasipoti ya bintiye, eti nikamwonyeshe ajenti. Si mnajua, kwetu ukitaja Oman watu wanafikiria kazi za nyumbani na mkataba wa miaka miwili. Mimi nilikwenda kutazama tu, na hasa mji mmoja: Nizwa.

Nizwa iko kiasi cha kilomita 160 kutoka Maskati, ndani ya nchi, chini ya milima ya Hajar. Ukiwa njiani huoni jani. Ni mawe na vumbi, mlima wa rangi ya majivu kushoto na kulia, mpaka mtu wa Trans Nzoia aliyezoea mahindi pande zote anajiuliza watu wanakula nini huku. Halafu ghafla unaona mitende, maelfu ya mitende, na katikati yake mnara mkubwa wa mviringo wa rangi ya mchanga. Huo ndio mji waliokaa maimamu wa Oman zama na zama. Waliosoma sira wanakumbuka kwamba Mtume (S.A.W.) alimtuma Amr bin al-As na barua kwa ndugu wawili watawala wa Oman, Jayfar na Abd, wana wa Julanda, nao wakasilimu. Madrasa nilikuwa nikiyakariri majina hayo bila kufikiri kwamba ni watu waliokuwa na nchi, na nchi hiyo unaweza kuikanyaga.

Mnara ule ulijengwa na Imam Sultan bin Saif al-Yarubi katika karne ya 17, na ujenzi unatajwa kuchukua miaka 12. Ndiye aliyewafukuza Wareno Maskati mwaka 1650. Ngazi za kupandia ni nyembamba na zinakatakata kona. Kila mlangoni, ukiinua macho, unaona tundu juu yako. Humo adui alikuwa akimwagiwa asali ya tende iliyochemshwa! Kuna chumba chini ambako magunia ya tende yalipangwa moja juu ya jingine, asali ikajikamua yenyewe na kutiririka kwenye mifereji ya sakafuni. Nilicheka peke yangu. Kitu tunachofuturia ndicho kilichokuwa silaha.

Sasa hapa ndugu wa Pwani watanielewa haraka. Wazee wa Mombasa walipochoshwa na Wareno waliomba msaada Oman. Mtoto wa huyo imamu, Saif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliizingira Ngome ya Yesu tangu 1696 hadi yakaiteka Desemba 1698. Ngome ile tuliyopelekwa na shule, tukapigwa picha kwenye mizinga, habari yake inaanzia huku jangwani. Lakini usidhani walikuwa malaika. Mjomba alinipeleka Jabrin, mbele ya Bahla, kwenye kasri la imamu aliyetangulia, Bilarab bin Sultan. Ni jumba zuri sana, dari zake zimechorwa maua, na ndani mlikuwa na madrasa na vyumba vya wanafunzi. Bilarab alifia humohumo mwaka 1692 akiwa amezingirwa. Aliyemzingira ni Saif, ndugu yake wa damu. Kaburi lake liko humo chini.

Bahla yenyewe tuliipita mbiombio kwa sababu jua lilikuwa linatua. Ina ngome ya udongo iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1987, na ukuta wa kama kilomita 12 kuuzunguka mji. Jabal Akhdar tulipanda siku ya pili. Kuna baridi kama ya Kitale mwezi wa Julai, na mashamba ya ngazi ya makomamanga na mawaridi. Mawaridi yenyewe huchumwa karibu na Aprili, sisi tuliona miiba.

Kilichonikalisha chini ni maji. Nizwa ina mfereji unaoitwa Falaj Daris, mmoja wa mitano iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2006. Maji yanatolewa chini ya ardhi na kuteremshwa kwa mteremko tu, bila pampu. Kwanza watu wanachota ya kunywa, kisha yanapita msikitini, ndipo yanaingia mashambani. Kila shamba lina zamu yake kwa saa. Zamani mchana walipima kwa kivuli cha mti uliosimikwa, na usiku kwa nyota. Zamu nyingine ni wakfu wa misikiti. Mifereji kama 3,000 bado inafanya kazi nchini humo. Ndugu yangu, sisi tuna mvua ya Mlima Elgon na Cherangani, na bado akina mama wanapanga foleni ya mitungi.

Ijumaa asubuhi tulikwenda mnada wa mbuzi. Aliyewahi kufika Chwele siku ya soko angejisikia nyumbani, ila hapa wauzaji wanawazungusha mbuzi kwenye duara na wanunuzi wanakaa katikati na pembeni wakipaza bei. Nilikuwa nikiongea na mjomba kwa Kiswahili. Mzee mmoja mwenye kanzu na bakora akageuka, "Nyie mwatoka bara gani?" Kiswahili cha Unguja hasa. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu."

Hapa niseme jambo lililonisumbua. Kabla sijasafiri, mwenzangu mmoja darasani, si Mwislamu, aliniuliza mbele ya watu: "Unaenda kutembelea waliotuuza?" Sikuwa na jibu. Mji wetu wa Kitale ulikuwa kituo cha misafara ya watumwa, na mpaka leo kuna duara la mawe linaloelezwa kuwa walifungiwa hapo. Na mashamba ya mitende ya Oman, katika karne ya 19, yalilimwa pia na watumwa kutoka kwetu. Oman ilipiga marufuku utumwa mwaka 1970 tu. Sisi tunaosoma katika Suratut Tawba kwamba fungu moja la zaka ni la kuwakomboa watumwa, hatuwezi kuyapita haya kimya kimya.

Nilijikaza nikamuuliza yule mzee. Mjomba alinikanyaga mguu. Mzee hakukasirika. Akasema bibi yake mzaa baba alikuwa Mmanyema, aliletwa mtoto mdogo, hakujua hata jina la kijiji chao. Baba yake alizaliwa Unguja, wao wakaja huku baada ya Mapinduzi ya 1964. "Kule tuliambiwa Waarabu. Huku tukaambiwa Wazanzibari." Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama Kitale kuna mbuzi wazuri. Nikamwambia wapo, ila ng'ombe ndio zaidi.

Tuliswali Ijumaa pamoja. Yeye aliswali mikono imeteremka ubavuni, kama Maibadhi wanavyoswali, mimi nimefunga kifuani, na hakuna aliyenitazama mara mbili. Baada ya swala akatununulia halua, ileile ya Mombasa, na kilo tano za tende.

Tende hizo nilimpelekea pia yule mwenzangu wa darasani, nikamhadithia habari ya bibi Mmanyema. Akala mbili, akasema bado sijamjibu. Ni kweli, na bado tunaongea.

Wabillahi tawfiq.