Haki Hutangulia Sadaka
(Amosi 8:4-7, Luka 16:1-13)



Leo, Dominika ya 25 ya Mwaka C, somo la kwanza latupeleka sokoni. Nabii Amosi anawakemea wafanyabiashara walioingoja Sabato ipite ili wafungue tena ghala zao, wapunguze kipimo, wapandishe bei na kupotosha mizani. Watu hao hawakuwa wapagani. Siku ya Bwana walifunga biashara kama sheria ilivyoagiza. Kosa lao ni kwamba walimheshimu Mungu kwenye ibada, wakamsahau kwenye mizani.

Sisi wa Karagwe na Kyerwa hatuhitaji kuelezwa sana somo hili, maana kila msimu jasho letu hupita mizanini pamoja na kahawa ya maganda. Wazee wetu walimpa mgeni buni zilizochemshwa na kukaushwa azitafune, ikawa ishara ya kumkaribisha. Waliofanya omukago, yaani udugu wa damu, waligawana buni mbili za tunda moja. Kwetu kahawa ilikuwa alama ya uaminifu kabla haijawa bidhaa ya kuuzwa ng'ambo.

Siku hizi twasikia mara nyingi juu ya wajibu wa kampuni kwa jamii. Wenye kampuni na wafanyabiashara wa huku kwetu hutoa madawati, saruji, mabati na vitanda vya zahanati. Ni jambo jema, na twamshukuru kila atoaye kwa moyo mnyofu. Hata hivyo yafaa tujiulize: mali hiyo inayorudishwa kwa jamii ilipatikana kwa njia gani?

Tumfikirie mama mjane mwenye kishamba cha migomba na mibuni. Mwezi wa Januari mtoto anadaiwa sare na madaftari, na nyumbani hamna fedha. Anakuja mnunuzi, anaikadiria mibuni ikiwa na matunda machanga, anamwachia fedha kidogo na kwenda zake. Hiyo ndiyo butura, iliyopigwa marufuku na Serikali, lakini ingali ikifanyika kwa siri. Msimu ufikapo, mama yule anachuma kahawa isiyo yake tena, na faida inakwenda kwa mwingine. Sasa tuseme mnunuzi yuleyule analeta parokiani mabati hamsini. Jina lake linatangazwa, waamini wanapiga makofi, na mjane naye anapiga makofi pamoja nasi. Wapendwa, katika mabati yale hamsini, ya mjane ni mangapi?

Nasi tulio viongozi katika Kanisa tukiri udhaifu wetu. Mara nyingi tumepokea bila kuuliza, kwa kuhofia kumpoteza mfadhili. Lakini mafundisho ya Kanisa hayatupi nafasi ya kunyamaza. Mwaka 1891, katika barua yake Rerum Novarum, Papa Leo XIII alifundisha kwamba kujipatia faida kwa kumbana mhitaji ni kosa mbele ya Mungu na mbele ya wanadamu. Mwaka 2009 Papa Benedikto XVI, katika Caritas in Veritate, alieleza kuwa upendo huizidi haki, lakini hauwezi kuiruka: hatuwezi kumpa mtu kilicho chetu kabla ya kumpa kilicho chake.

Njia nyingine ipo, nayo haiko mbali nasi. Chama Kikuu cha Ushirika cha Karagwe, KDCU, kilichoanzishwa mwaka 1990, ni miongoni mwa vyama vya mkoa wetu vilivyoingia katika mpango wa kimataifa wa biashara ya haki. Katika mpango huo mnunuzi hulipa nyongeza juu ya bei ya kahawa; tangu mwaka 2011 kiwango chake ni senti 20 za Kimarekani kwa kila ratili. Wakulima wenyewe huamua mkutanoni nyongeza hiyo itumike kwa shughuli gani. Hapo mkulima haombi msaada. Anapanga matumizi ya haki yake.

Lakini tusidhani kwamba jina la ushirika latosha kuondoa dhambi. Makato yasiyoelezwa na malipo yanayocheleweshwa humwumiza mjane yuleyule, hata kama yamefanywa na chama chake mwenyewe. Na mkulima anayechanganya mawe katika kahawa, au anayechukua mkopo wa chama kisha akavusha mavuno yake usiku kwa magendo, naye anapotosha mizani. Vivyo hivyo mwenye duka, mwenye mashine ya kukoboa na mwenye kuajiri vibarua: kila mmoja wetu ana mizani yake.

Katika Injili Bwana asema kwamba aliye mwaminifu katika dogo huwa mwaminifu katika kubwa. Dogo hilo ni kilo moja ya kahawa, au ujira wa kibarua kabla ya jua kuchwa. Tukumbuke pia Zakayo. Aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Hakuitumia sadaka kuifunika dhuluma.

Kwa hiyo tunawasihi ninyi wafanyabiashara: lipeni kwanza bei ya haki, kisha leteni sadaka, nasi tutaipokea kwa furaha. Ninyi wakulima, hudhurieni mikutano ya vyama vyenu na muulize hesabu bila woga. Nanyi makatekista, zisaidieni jumuiya ndogondogo kuanzisha mfuko wa akiba na mikopo, ili mama anayehitaji sare ya mtoto mwezi wa Januari apate mahali pa kukopa bila kuuza matunda yangali mtini. Pasipo hilo, kukemea butura ni kumwongezea mjane mzigo.

Mungu mwenye haki atujalie mikono isiyodhulumu, ili sadaka zetu zimpendeze. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.