Oganda na Maji Yake: Upendo na Kafara katika Hadithi ya Grace Ogot



Ikitajwa hadithi fupi ya mapenzi na kafara, wengi huwakumbuka Jim na Della wa O. Henry, Mmarekani aliyechapisha hadithi yao mwaka 1905. Mke anauza nywele zake amnunulie mumewe mkufu wa saa, kumbe mume naye ameiuza saa amnunulie mkewe vichanuo. Ni hadithi nzuri. Mimi nimechagua ya kwetu: "The Rain Came" ya Grace Ogot, iliyomo katika mkusanyiko wa Land Without Thunder wa 1968. Mtaa wetu huu wa Kaloleni ni miongoni mwa mitaa ya kwanza Nairobi kujengwa, miaka ya 1940, kwa ajili ya Waafrika wenye familia, na hadithi hii ni ya familia.

Nchi imekauka. Mganga Ndithi anamletea Chifu Labong'o neno la mzimu wa Podho: msichana atolewe kwa zimwi la ziwani ndipo mvua inyeshe. Msichana huyo ni Oganda. Labong'o ana wake na watoto wengi, na binti ni huyo mmoja tu.

Della alikata nywele za kichwa chake mwenyewe. Labong'o anatoa uhai usio wake. Shuleni tumezoea kumsoma kama kiongozi aliyeitanguliza nchi, na kweli anaumia. Ogot hamnyimi machozi. Lakini angalieni mahali alipo Oganda shauri linapokatwa. Yuko nje, anadhani wakubwa wanazungumzia posa yake, na moyoni anawapima wachumba mmoja mmoja. Sisi wasomaji tunajua, yeye hajui. Akishaambiwa, watu wanashangilia na kumsifu.

Hapa Eastlands tunawajua akina Oganda. Ni msichana anayeachishwa shule ili kaka yake alipiwe karo, au anayeletwa kutoka mashambani alee watoto wa jamaa, huku kila mtu akimsifu kwa moyo wake wa kujitolea. Kujitolea kupi, ikiwa hakuulizwa?

Sasa naomba tukae kidogo na mhusika ambaye wengi humpita mbio. Oganda anapoanza safari ya ziwani, mtoto anajitokeza kwenye umati akiwa na hereni ndogo mkononi. Anamwomba ampelekee dada yake aliyefariki wiki iliyopita, maana dada huyo aliisahau. Oganda anaipokea, kisha anampa mtoto maji na chakula chake cha njiani. Mtu atasema alivitoa kwa kuwa anakwenda kufa. Lakini jua lilikuwa kali na ziwa lilikuwa bado mbali. Katika nchi inayokufa kwa kiu, aliyehukumiwa ndiye anayempa mwenzake maji, na hakuna mganga wala mzimu aliyemwagiza. Ogot alikuwa muuguzi kabla ya kujulikana kama mwandishi. Naamini alijua vizuri uzito wa maji mkononi mwa mtu.

Osinda, mpenzi wake, naye anastahili kusomwa kwa makini. Hamwokoi Oganda kwa mkuki. Anamfuata amejifunika majani, na amemletea yeye pia vazi la majani ili wasionekane na macho ya wahenga, wala hasira ya zimwi isiwafikie. Kwa hiyo si kijana anayedharau imani ya wazee wake. Anaiamini, anaiogopa, na bado anakuja. Anaacha nyumbani kwao na watu wake, na anafanya hivyo kwa hiari. Huyu ndiye anayeweza kuketi pamoja na Jim na Della.

Wanakimbia, na mvua inanyesha. Wapo wanaosema wahenga walidanganywa, na wapo wanaosema mvua ilikuwa njiani siku zote. Mimi nasoma mpangilio wa matukio: kabla tone la kwanza halijaanguka kutoka mbinguni, Oganda alikuwa ameshatoa maji yake. Kafara ilikwisha kutolewa pale njiani, mbele ya umati mzima, na hakuna aliyeitambua.

Nimemwacha Minya, mama yake Oganda, kwa makusudi. Analia tangu mwanzo, naye pia hakuulizwa kitu. Napenda akina mama waliomo ukumbini waanze mjadala na yeye: je, kilio chake ni ridhaa, au ndiyo njia pekee ya kukataa aliyoachiwa?