Talaka kwa Wahindu: Maandiko, Mila na Mahakama

Mwenyekiti, ndugu wajumbe wa mabaraza ya usuluhishi wa ndoa,

Mkiuliza kuhusu talaka kwa Wahindu, mtajibiwa haraka, hata na Wahindu wenyewe, kwamba dini yao haina talaka. Jibu hilo ni la watu wa matabaka ya juu. Limesemwa mno hata likachukuliwa kuwa la Wahindu wote.

Lina msingi wake, sikatai. Ndoa ya Kihindu ni ibada. Maharusi hutembea hatua saba mbele ya moto, na ya saba ikikamilika wamefungamana. Sheria za Manu, maandiko ya kale ya Kihindu, zinasema mke hatoki mikononi mwa mumewe kwa kuuzwa wala kwa kukataliwa. Ila Manu huyohuyo anamwagiza mke ambaye mumewe yuko safarini angoje miaka 8 ikiwa safari ni ya dini, 6 ikiwa ni ya elimu, 3 ikiwa ni ya starehe. Kisha afanye nini? Manu ananyamaza, na wafafanuzi wamebishana tangu hapo. Narada, mwandishi mwingine wa sheria za kale, alisema waziwazi: mume akipotea, akifa, akiingia utawa, akiwa hanithi au akitengwa na tabaka lake, mke anaweza kupata mume mwingine. Kautilya naye, katika Arthashastra, kitabu chake cha utawala, aliwaruhusu wanandoa waliochukiana waachane, isipokuwa waliooana kwa aina nne za ndoa zilizopewa heshima kubwa.

Mwanamume, kwa upande wake, hakuihitaji talaka. Akimchoka mke, aliongeza wa pili. Sheria ya India iliwaruhusu Wahindu wengi kufanya hivyo hadi katikati ya karne ya 20. Pingu ile ilikuwa ya mwanamke peke yake.

Na hata hivyo si kila mwanamke. Miongoni mwa wakulima na mafundi wa matabaka mengi, ndoa ilivunjwa mbele ya wazee, fidia ikalipwa, mwanamke akaolewa tena. Huko Gujarat, India, ndoa hiyo ya pili huitwa natra.

Sasa tazameni kesi ya Rukhmabai wa Bombay. Aliozwa akiwa na miaka 11, akabaki kwao, na alipokua akakataa kwenda kwa mume. Jamii yake ilikuwa ya maseremala, moja ya matabaka hayo ya mafundi, na mama yake mwenyewe alikuwa mjane aliyeolewa tena. Mwaka 1884 mume alimshtaki ili arudishiwe mkewe. Jaji Pinhey aliitupa kesi, akieleza kwamba dai la namna hiyo lilitoka katika sheria za Uingereza na halina mzizi katika sheria ya Kihindu. Rufaa ikaupindua uamuzi huo, na mwaka 1887 Rukhmabai akaamriwa aende kwa mume au afungwe miezi 6. Akasema yuko tayari kufungwa. Mwaka uliofuata mume alikubali rupia 2,000 yakaisha, na Rukhmabai akaenda London kusomea udaktari. Dai lile la Kiingereza lilitetewa kwa jina la mila ya Kihindu, na hadi leo limo katika kifungu cha 9 cha Sheria ya Ndoa za Kihindu ya India.

Sheria hiyo ni ya 1955. Ambedkar, waziri wa sheria wa India, alikuwa amejiuzulu mwaka 1951, mojawapo ya sababu ikiwa ni kukwamishwa kwa muswada wake wa sheria za Kihindu. Sheria ya 1955 ilipopita hatimaye, ilipiga marufuku mitala, ikaruhusu talaka mahakamani na kuziachia talaka za kimila nafasi yake. Tatizo ni kwamba anayedai mila lazima aithibitishe mahakamani, na asiyekuwa nayo alilazimika kuthibitisha sababu iliyotajwa na sheria, kama vile uzinzi wa mwenzake. Talaka ya makubaliano ilikuja mwaka 1976. Ndoa iliyokwisha kufa bila mkosaji bado haijatajwa na sheria kuwa sababu ya talaka. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu kabisa ya India iliamua kwamba yenyewe inaweza kuivunja kwa mamlaka yake ya kikatiba. Mahakama za chini hazina uwezo huo.

Hapa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka kuvunjika kwa ndoa kusikorekebishika kuwa msingi wa talaka kwa watu wote, Wahindu wakiwemo. Kwa hiyo Mhindu wa Dar es Salaam ana njia ambayo binamu yake wa Ahmedabad hana.

Ila njia hiyo inapita kwenu. Waziri anaweza kuitambua kamati ya jamii kuwa baraza, na isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, mahakama haipokei ombi la talaka bila hati ya baraza kwamba usuluhishi umeshindikana. Mzee anayemrudisha mwanamke nyumbani kwa kusema "kwetu hakuna talaka", bila kusikiliza shauri wala kuandika hati, amemfungia mlango wa mahakama kwa kauli ambayo hata Narada asingeikubali.