Nani Analipia Fimbo Iliyoharibika? Uanagenzi Wenye Ujira Katika Fani ya Uchomeleaji

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, wanataaluma wenzangu, wanafunzi, na ninyi mafundi mlioacha kazi zenu mchana huu mkaja kukaa viti vya nyuma ilhali vya mbele viko wazi,

Hapa mezani nimeweka vipande viwili vya chuma. Kila kimoja ni bapa mbili zilizounganishwa kwa umbo la herufi T na kuchomelewa upande mmoja tu. Mshono wa kipande cha kwanza umelala vizuri, mawimbi yake yanafuatana kama magamba ya samaki, umepigwa brashi mpaka unang'aa. Wa pili umepinda katikati, na una kovu pale mchomeleaji aliposita. Mlivishika wakati mnaingia, nikawaomba mniambie kipi kimechomelewa vizuri. Karibu nyote mlichagua cha kwanza. Mafundi wa viti vya nyuma walikataa kuchagua. Tutavirudia vipande hivi.

Kwa desturi, mhadhara wa uprofesa ni mahali pa mtu kueleza alichokitafiti. Mimi nitaanza na nilichokificha.

Nilijifunza kuchomelea Gerezani, Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya themanini, katika banda la mabati ambalo jina lake halina haja. Baba mdogo alinipeleka kwa fundi kama mtoto anavyopelekwa madrasa, akatoa ada kidogo, wakapeana mikono. Makubaliano yalikuwa ya mdomo: nitakula pale mchana, nitapewa nauli siku ambayo kazi ipo, na nitakuwa fundi siku fundi atakapoona nimekuwa. Miezi sita ya kwanza nilifagia, nilibeba skwea paipu begani, nilisugua kutu kwa brashi ya waya, nilipaka rangi, nilitumwa chai. Mashine sikuigusa. Sikumlaumu wakati ule, na hata leo simlaumu sana. Kila fimbo ya kuchomelea ambayo angenipa nijifunzie ilikuwa fimbo iliyotoka kwenye geti la mteja, na faida ya geti ilikuwa nyembamba.

Siku aliyonikabidhi mashine alinikabidhi na sheria yake. Fimbo ikinigandia kwenye chuma mpaka unga wake ukapukutika, au nikitoboa paipu, nauli ya jioni hakuna. Nilikuwa nakaa Mbagala. Mnaoijua njia hiyo kwa miguu mtaelewa uzito wa adhabu.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Nilipewa bawaba za geti. Bawaba ni chuma kinene, skwea paipu ni chembamba. Ukielekeza moto kwenye paipu muda mrefu kidogo, inatoboka. Anayejua huuweka moto zaidi kwenye kile kinene, kisha huupitisha kwenye chembamba kwa kiasi, ili vyote viwili viyeyuke pamoja na kuwa kitu kimoja. Mimi niliogopa kutoboa. Moto wote nikaumwaga kwenye bawaba, na chuma kilichoyeyuka kikalalia paipu bila kuingia ndani yake, kama uji uliomwagikia sahani. Niliona. Nililijua kosa hilo pale pale. Nikachukua grainda, nikalainisha, nikapaka puti, nikamalizia na rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Fundi akapita, akatazama, akasema, "Hapo sawa." Jioni ile nilipanda basi.

Baada ya wiki tatu hivi geti lile liling'oka. Kwa bahati liliangukia baiskeli, halikumwangukia mtu. Fundi akaenda, akarekebisha bure, akarudi analaani fimbo za siku hizi kwamba zimechakachuliwa. Nikamwacha aamini hivyo.

Nimelibeba geti lile kwa zaidi ya miaka thelathini, na ndilo lililonifikisha kwenye hoja yangu ya leo. Tunapojadili uanagenzi, ujira wa mwanagenzi huzungumzwa kama suala la huruma: kijana naye ale, kijana naye apate nauli. Mimi nadai kwamba ujira, pamoja na swali la nani analipia kilichoharibika, ni sehemu ya somo lenyewe. Kijana anayekatwa nauli kwa kosa lake hajifunzi kuacha kosa. Anajifunza puti na rangi.

Katika fani nyingine kosa hujitangaza. Mshonaji akikata kitambaa vibaya, shati halivaliki. Mpishi akiunguza wali, mtaa mzima unajua. Mshono wa chuma una uso na una mzizi, na uso unaweza kuwa mzuri juu ya mzizi uliooza. Kuna ambao haukuingia. Kuna uliofunika takataka, yaani lile gamba la unga wa fimbo ambalo halikugongwa vizuri kabla ya kurudia. Kuna wenye vitundu vya hewa kwa sababu fimbo zilinyonya unyevu, na mnaifahamu hewa ya Dar es Salaam. Zipo fimbo, kama zile za namba E7018, ambazo kanuni zinataka zitunzwe kwenye tanuri maalumu ili zisishike unyevu. Mtaani tunazianika juani juu ya bati. Zile za E6013, ambazo ndizo zimejaa madukani kwetu, zina uvumilivu zaidi, na nadhani uvumilivu wao umetulea vibaya.

Ujuzi wenyewe unakaa mkononi na sikioni kabla haujafika kichwani. Fimbo ya milimita 3.2 kwa kawaida hutaka ampea kati ya 90 na 130. Hilo nimewaambia kwa sekunde tano na mmeshalijua. Lakini nafasi kati ya ncha ya fimbo na chuma nayo inatakiwa isizidi sana unene wa waya wa ndani ya fimbo, milimita tatu hivi, na fimbo inafupika muda wote inapoungua. Kwa hiyo mkono unashuka huku unakwenda pembeni, kwa mwendo usiobadilika, na jicho liko nyuma ya kioo cheusi linatazama kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka, si ule mwanga. Moto ukiwa sawa unasikika kama mihogo inayokaangwa kwenye mafuta yaliyochemka vizuri. Ukiinua fimbo mno sauti inapasukapasuka na cheche zinaruka ovyo. Ukiishusha mno inaguguma, inanasa. Fundi mzee anaweza kuwa amekupa mgongo, anakunywa chai, akasema "Shusha mkono," na akawa amesema kweli.

Hakuna mhadhara unaofundisha mkono huo, na nasema hivyo nikiwa mtu anayelipwa kutoa mihadhara. Unafundishwa na fimbo nyingi zilizoungua vibaya. Swali ni moja tu: zimeungua kwa gharama ya nani?

Swali hili si geni. Uingereza ilikuwa na sheria ya mwaka 1563, zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, iliyomtaka anayeingia ufundi akae miaka saba chini ya bwana wake. Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1776 kuhusu utajiri wa mataifa, aliishambulia vikali. Kijana asiyelipwa, alidai, huwa mvivu kwa sababu haoni faida ya bidii. Afadhali alipwe tangu mwanzo kwa kadiri ya kazi ndogo anayoiweza, na alipie vifaa atakavyoviharibu kwa ugeni wake. Kifungu cha miaka saba kilifutwa mwaka 1814.

Nusu ya kwanza ya hoja ya Smith naikubali kwa mikono miwili. Nusu ya pili imenitembeza mpaka Mbagala.

Wajerumani walifikia uamuzi mwingine. Sheria yao ya mafunzo ya ufundi, iliyotungwa kwanza mwaka 1969, inamtaka mwajiri ampe mwanagenzi zana na malighafi za kujifunzia bila malipo, na inamzuia kumpa kazi zisizohusiana na mafunzo. Ujira ni wa lazima na unapanda kila mwaka wa mafunzo. Tangu Januari 2020 umewekewa na kiwango cha chini: euro 515 kwa mwezi kwa waliokuwa wanaanza mwaka huo, kisha nyongeza ya asilimia 18 mwaka wa pili na 35 mwaka wa tatu. Kijana wa fani ya ujenzi wa vyuma, ambamo kuchomelea ni sehemu mojawapo, hukaa miaka mitatu na nusu, siku nyingi akiwa karakanani na chache shuleni. Sisemi tuwaige. Uchumi wao una viwanda ambavyo sisi bado tunaviota, na mkataba wao una vyama vya waajiri na vya wafanyakazi vinavyousimamia. Ninachotaka mkione ni kile kifungu cha malighafi. Mtu fulani aliyekaa bungeni alifikiria fimbo iliyoharibika.

Na sisi je? Kiswahili kina neno mwanagenzi, mtu anayeanza kujifunza kazi, lakini mtaani hulisikii. Gereji anaitwa spana boi. Kwenye ujenzi ni saidia fundi. Gerezani nilikuwa "huyu kijana wangu." Majina yote matatu yanamtaja kama mali ya kazi ya mtu mwingine, na hakuna hata moja linalosema anajifunza. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina vyuo vyake na ina mpango wa kurasimisha ujuzi, ambapo fundi aliyejifunzia mtaani hupimwa na kupewa cheti. Ni mpango mzuri, na wapo kati ya waliokaa nyuma ambao wana cheti hicho. Lakini kurasimisha huja baada ya kujifunza. Miaka ile ya puti na rangi inabaki ilivyo.

Fedha zipo, ingawa zinapita mbali na banda. Waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo Sheria ya Fedha ya 2023 iliishusha kutoka asilimia 4 ya mishahara hadi 3.5. Tangu mwaka 2021 inawahusu wenye wafanyakazi kumi au zaidi. Karakana ya fundi mmoja na vijana watatu haichangii, na kwa mantiki hiyo hiyo hakuna anayeikumbuka katika kugawa. Mzigo wa kufundisha inao, kijitabu cha hesabu haina.

Pendekezo langu ni dogo, na baadhi ya wachumi wa chuo hiki wameshaniambia ni la kitoto. Sehemu ya tozo hiyo itumike kununua fimbo za kuharibu. Namaanisha hivyo hivyo: fundi anayesaini mkataba wa maandishi na kijana wa miaka kumi na minane au zaidi apewe kila mwezi pakiti kadhaa za fimbo na vyuma chakavu vya mazoezi, ambavyo havitaingia kwenye kazi ya mteja, pamoja na nusu ya ujira wa kijana kwa mwaka wa kwanza. Mkaguzi akija asitazame daftari la mahudhurio. Atake kuona ndoo ya vipande vilivyovunjwa. Ndoo tupu, mwezi ujao hakuna pakiti.

Pingamizi kubwa nimelisikia kwa mafundi wenyewe, nalo lina uzito. "Profesa, nitamlipa, nitamfundisha, halafu atafungua banda lake ng'ambo ya barabara anichukulie wateja." Gary Becker, mwanauchumi wa Marekani, aliliandika jambo hilo kitaalamu mwaka 1964: ujuzi unaofaa popote, mwajiri hana sababu ya kuulipia, kwa hiyo anayejifunza ndiye hulipa, ama kwa ada ama kwa kukubali ujira mdogo. Siwezi kuwadanganya kwamba vijana hawataondoka. Wataondoka. Mimi niliondoka. Fundi wangu naye alimwacha fundi wake, na ukiwauliza wenye mabanda ya mtaa ule, kila mmoja ni kijana wa mtu aliyemkimbia. Ndiyo maana nasema nusu ya ujira itoke kwenye mfuko wa wote, kwa kuwa anayeondoka na ujuzi haondoki nchini nao.

Niseme kidogo kuhusu macho, maana mama zenu watataka niseme. Mwanga ule huunguza uso wa jicho, na maumivu huja saa kadhaa baadaye, usiku, kana kwamba umemwagiwa mchanga. Nimewekewa viazi vilivyokatwa, nimetiwa maziwa. Jicho hupona lenyewe kwa siku moja au mbili, na kiazi husifiwa. Miwani ya jua haitoshi kuuzuia. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani. Kijana asiye na mkataba hana wa kumdai ngao ya uso.

Turudi kwenye mshono. Bomba la mafuta linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443. Hata kila kipande cha bomba kikiwa na mita 18, hivyo ni viungo zaidi ya elfu themanini, na viungo vya mabomba ya aina hiyo hupimwa mpaka ndani, puti haisaidii. Nimewaona vijana wenye mkono mwepesi, wenye mageti yanayosifiwa mitaa mitatu, wakipewa bomba lililofungwa kwa mlalo wa nyuzi 45 na kuambiwa walizungushe mshono bila kulisogeza. Wengi wao walikuwa hawajawahi kuona mshono wao wenyewe ukivunjwa. Hakuna aliyewahi kuwa na sababu ya kuuvunja.

Basi tuvunje. Naomba wale vijana wawili wasogeze jiliwa hapa mbele, na fundi mmoja kutoka nyuma aje na nyundo. Tutakibana kipande kwenye jiliwa, tukigonge kukilalisha upande wa mshono mpaka uachie, tuone mzizi. Nawaomba waliokaa safu ya kwanza, ambao ni wachache, wasogeze viti. Tunaanza na hiki kinachong'aa. Nilikichomelea mwenyewe juzi, kwa namna ile ile niliyochomelea bawaba.