Kombora la Baharini na Sisi Watu wa Milimani



Huenda mtu akauliza: sisi wa Enguserosambu, tunaoishi mbali na bahari, tuna shauri gani na makombora ya kuzamisha meli? Tunalo.

Kwanza tuielewe silaha yenyewe. Mchungaji anajua kwamba mnyama aliye nyuma ya kilima haonekani mpaka afike kileleni. Baharini, mviringo wa dunia ndio kilima. Kombora hili huruka mita chache tu juu ya maji, likijificha nyuma ya mviringo huo. Rada iliyofungwa mita 20 juu ya maji italiona kombora la kimo cha mita 5 likiwa limebakiza kilomita 28 hivi. Likienda mita 300 kwa sekunde, mabaharia wamebakiwa na dakika moja na nusu. Tarehe 4 Mei 1982, katika vita vya Falkland, kombora la Exocet liliipiga meli ya kivita ya Uingereza, Sheffield. Watu 20 wakafa.

Siku hizi kombora la Marekani liitwalo LRASM, lililoanza kutumika mwaka 2018, hufika zaidi ya kilomita 370 likibeba kichwa cha kilo 450, na laweza kuitambua lenyewe meli ya kupiga kati ya nyingi. Hapo ndipo dhamiri zetu zinapoguswa: kazi ya kupambanua adui na asiye adui inakabidhiwa mashine.

Na nani hulipa? Mwezi Februari 2024 Wahouthi wa Yemen waliipiga meli ya mizigo Rubymar karibu na Bab el-Mandeb. Kombora lile lilikuwa la aina nyingine, lishukalo kutoka juu, lakini funzo ni moja. Meli ilizama mwezi Machi pamoja na tani 21,000 hivi za mbolea. Mwezi huohuo mabaharia watatu wa meli ya True Confidence waliuawa. Meli nyingi zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na gharama ya safari ndefu humwangukia mnunuzi wa mwisho: mkulima wa mbolea, mfugaji wa dawa za ng'ombe.

Ndugu, wazee wetu hawamkabidhi shauri mtu asiyeweza kusimama barazani na kuulizwa. Nasi tudai vivyo hivyo: aamuruye kupiga awe binadamu, mwenye jina, na aulizwe.