Kiti cha Shangazi Kiko Wazi

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Ilembula)



Nani ana ndugu Dar es Salaam? Inua mkono. Aa, karibu wote! Kuhama si jambo geni kwetu. Enzi za mkoloni babu zetu walikwenda Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba. Leo tunapandia basi Makambako.

Lakini, jamani, ukihama unabeba nguo na godoro. Bibi na shangazi humbebi. Nao nyumbani walikuwa na kazi yao. Binti akivunja ungo, bibi au shangazi ndiye aliyemwita kando akamfunda. Mvulana alikuwa na babu au mjomba. Mjini wako wapi? Baba anatoka alfajiri, anarudi usiku. Mama anaona haya, anasema moyoni, "Shangazi yake atamwambia." Shangazi mwenyewe yuko Ilembula! Basi mtoto anafundwa na rafiki, ambaye naye kafundwa na simu.

Tena mzazi anajiona mshamba, maana mtoto ameuzoea mji kuliko yeye. Si sisi peke yetu. Huko Marekani, watoto wa wahamiaji kutoka Meksiko huwatafsiria wazazi wao Kiingereza, hata mbele ya daktari. Je, mama atataja ugonjwa wa siri kupitia mdomo wa mwanawe? Wengine huamua kunyamaza.

Kimya hicho kina hatari. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulionyesha kuwa mkoani Njombe asilimia 12.7 ya watu wa miaka 15 na zaidi wanaishi na VVU, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote nchini. Virusi havingoji mpaka haya ziwatoke.

Sasa ufanyeje? Usisubiri mzazi aanze. Chagua wakati mnapomenya viazi au kupukuchua mahindi. Macho yakiwa kazini, aibu hupungua. Anza kwa kuzunguka: "Mama, wewe ulifundwa na nani?" Akishindwa kujibu, usimcheke. Mpigie shangazi, au mfuate likizo. Kama hayupo, mwone muuguzi au mwalimu unayemwamini.

Kiti cha shangazi msikiache wazi, wanangu. Mkikiacha, atakikalia yeyote apitaye.

Haya, maswali!