Sumaku Katika Kinu cha Unga
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme juu ya sumaku na matumizi yake. Jambo hili ni pana na dakika nilizopewa ni chache, kwa hiyo mengine nitayapita upesi ili nikae kwenye lile ambalo ndilo kazi yangu: sumaku katika mashine za kusaga.

Mwaka 1820, huko Copenhagen, Hans Christian Ørsted aliona sindano ya dira ikicheza karibu na waya unaopitisha umeme. Mwaka 1831 Michael Faraday wa Uingereza akaonyesha kinyume chake: sumaku ikisogezwa ndani ya koili ya waya, umeme huzaliwa. Hapo ndipo yalipoanzia majenereta na mota zote. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina mitambo 9, kila mmoja wa megawati 235, na kinachozungushwa na nguvu ya maji ndani yake ni sumaku kubwa ya umeme.

Sasa tuje kwenye unga. Ndani ya kinu cha nyundo mna vipande vya chuma vinavyozunguka kwa kasi, vikipiga mahindi hata yapite kwenye matundu ya chekeche. Chuma kikipiga nafaka mchana kutwa, nacho hulika. Fundi yeyote atawaambieni kwamba nyundo huingia zikiwa na kona kali, na hutoka zikiwa za mviringo. Nawaulizeni: kile kilichopungua kimekwenda wapi? Kimekwenda kwenye unga. Tena mahindi yenyewe huja na misumari, nati na vipande vya waya. Msumari mmoja waweza kupasua chekeche, au kutoa cheche. Na vumbi la unga likitanda hewani hulipuka.

Dawa yake ni sumaku mbili: moja kwenye mdomo wa mashine, ya pili pale unga unapotokea. Ya kwanza hulinda mashine, ya pili humlinda mlaji. Wenye mashine wengi niliowafanyia kazi hununua ya kwanza bila kubishana, maana chekeche ni fedha yao. Ya pili huiita gharama. Mimi naiita dhuluma, kwa kuwa mlaji hana macho ya kuona anachokula.

Hata hivyo sumaku haimalizi yote. Haivuti mchanga, shaba wala vipande vya chupa. Na isiposafishwa hujaa, kisha ilivyovinasa husombwa tena na unga.

Vijana, msinikubalie bure. Chukueni sumaku, ifungeni kwa karatasi nyembamba, ipitisheni polepole ndani ya kilo moja ya unga wa jikoni, kisha mkunjue karatasi juu ya sahani nyeupe. Mtakachokiona kipimeni kwenye mizani ya maabara, mkiandike.

Neno jingine kabla sijasahau. Wafugaji wa Marekani humlisha ng'ombe sumaku moja yenye urefu wa kidole. Hukaa tumboni ikishika misumari na waya aliyoimeza pamoja na majani. Msicheke, ni kinga ya kweli. Lakini mtoto akimeza sumaku mbili ndogo za neodimiamu, kama zile zilizomo ndani ya spika za masikioni, huvutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Huyo apelekwe hospitali saa ile ile, asingojewe kuumwa.

Ndugu Mwenyekiti, katika ajenda ya mchana kuna fedha za kupaka rangi lango. Naomba kabla ya rangi tununue sumaku ya pili ya mashine ya shule, maana unga wake ndio ugali wa vijana hawa kila siku. Ikishafungwa, iwekewe daftari: mwanafunzi wa zamu aifute kila asubuhi kabla umeme haujawashwa, apime kilichonaswa, aandike uzito na kutia sahihi. Uzito ukianza kupanda, fundi aitwe aangalie nyundo.